Simu ya mbio au simu ya kudumu?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, mabishano yaleyale huzuka upya kwenye njia ya Kasapa na mbele ya madarasa yetu. Mwenye dola 150 au 200 za kununua simu achukue ipi? Wengine humshauri achukue ile yenye mbio, inayofungua kila kitu mara moja na kupiga picha safi. Wengine humwambia achukue ile nzito iliyozungushiwa mpira, ambayo ikianguka unaiokota bila kushtuka, na ambayo betri yake hufika siku ya pili bila kuchajiwa. Kwa kawaida wenye mbio ndio hushinda. Mbio huonekana papo hapo dukani, lakini kudumu hakuonekani mpaka miaka ipite.

Mimi nasema kwamba mwanafunzi wa lugha, hasa aliye karibu na kazi ya mwisho wa masomo, anafaa kuchagua kudumu. Ila achague akijua maana ya neno hilo. Kitu kigumu na kitu cha kudumu si kimoja, na wauzaji hufaidika sana tunapovichanganya.

Tuanze na kazi yenyewe. Kwetu simu ni daftari la sauti, ni kamusi, ni maktaba ya silabusi za PDF, na kwa asiye na kompyuta ndiyo mashine ya kuchapia. Katika hizo, ni kazi gani inayodai mbio kubwa? Tuchukue iliyo nzito kuliko zote, yaani kurekodi sauti bila kuibana. Sauti inayopimwa mara 44,100 kwa sekunde, kwa biti 16 na kwa njia moja, huchukua megabaiti 5 na kitu kwa dakika, au karibu megabaiti 320 kwa saa. Saa 20 za mahojiano hazifiki gigabaiti 7. Simu za miaka kumi iliyopita ziliweza kuandika kiasi hicho bila taabu. Mbio za prosesa ni za michezo, za kuhariri video na za kusafisha picha. Mambo hayo si mabaya, lakini si ndiyo yaliyotuleta katika kitivo hiki.

Tena mara nyingi tunapolalamika kwamba simu ni ya polepole, kosa si la prosesa. Pengine mtandao ni mdogo, na hakuna prosesa inayoweza kuuongeza. Pengine hifadhi imejaa video zilizotumwa kwenye makundi ya WhatsApp mpaka simu haina pa kupumulia. Ukifuta gigabaiti 10 za vichekesho, unaweza kukuta simu unayotaka kuiuza bado ni nzima.

Sasa tuitoe simu chuoni, tuipeleke inakofanya kazi yake ya kweli. Mwanafunzi anakwenda Kasenga, Pweto au Bunkeya kukusanya maneno na masimulizi. Ni kiangazi, vumbi jekundu linaingia hata kwenye sanduku lililofungwa. Umeme upo mahali fulani na mahali pengine haupo kabisa. Simu inachajiwa kwa mtu mwenye paneli ya jua, kwa zamu na kwa malipo. Mzee amekubali kukaa. Anaeleza majina ya mitego ya samaki, moja baada ya jingine, na kila jina lina kisa chake. Katika saa hiyo hakuna anayeuliza simu inafungua programu kwa sekunde ngapi. Kinachoulizwa ni kama betri itafika mwisho wa kisa. Isipofika, mzee atasema, “Basi, mwanangu, tutaendelea siku nyingine.” Na siku nyingine ana shamba, au ana msiba, au yeye mwenyewe ndiye msiba. Wazee wanaojua majina hayo si wengi, na kila mwaka wanapungua.

Sisi tunaosoma lugha za Kibantu tunajua pia kwa nini kumbukumbu ya kichwa haitoshi. Katika Kilingala, *moto* ni mtu na *motó* ni kichwa. Kinachotenganisha maneno hayo ni toni tu. Kiluba nacho hubeba maana kwa toni. Mtafiti hawezi kuandika toni kwa kusikia mara moja. Anarudia sauti mara kumi, anampelekea msemaji mwingine, anarudi tena baada ya miezi mwalimu wake akikataa uchambuzi. Sauti hiyo inatakiwa kuwa hai siku ya kurekodi, siku ya kutetea kazi, na miaka mingi baadaye.

Mji wetu una mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1973 na 1974 mtaalamu Johannes Fabian alirekodi mazungumzo yake kwa Kiswahili na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye alimchorea historia ya nchi katika picha zipatazo 100. Baada ya mwanzo wa miaka ya 1980 haikujulikana tena Tshibumba alikoishia. Lakini maneno yake tunayo. Kitabu kilitoka mwaka 1996, zaidi ya miaka ishirini baada ya mazungumzo, na maandishi ya Kiswahili chake yanasomwa leo kwenye intaneti. Hakuna anayeuliza kinasa sauti kile kilikuwa na mbio gani. Kanda zilidumu, zikanakiliwa, zikaandikwa. Leo tuna mfukoni vyombo vyenye uwezo mara nyingi kuliko kile, lakini ni kazi ngapi za mwisho za wanafunzi ambazo rekodi zake bado zinasikika miaka mitatu baadaye?

Upande wa kudumu, jambo la kwanza ni betri. Betri ya litiamu huhesabu umri wake kwa mizunguko ya kujazwa na kumalizwa, zaidi ya kuhesabu kwa miezi. Kwa betri nyingi za kawaida, baada ya mizunguko kama 500 uwezo hushuka karibu na asilimia 80, kisha huendelea kushuka. Simu inayomaliza betri yake kila siku hufika hapo kwa mwaka mmoja na nusu hivi. Ile inayokaa siku mbili kwa chaji moja huchukua karibu miaka mitatu. Kwa hiyo betri kubwa haikupi siku moja zaidi tu, inakuongezea na miaka. Simu nyingi za kawaida zina mAh 5,000 hivi. Zile ngumu mara nyingi hufika mAh 10,000, na nyingine zinaweza hata kuchaji simu ya jirani.

Lakini hapa ndipo wenzangu wanaopenda simu ngumu wanapaswa kusikiliza. Alama ya IP68 inasema kwamba simu ilijaribiwa dhidi ya vumbi na maji ikiwa mpya. Mpira unaozuia maji huzeeka, na simu iliyofunguliwa na fundi huenda ikaupoteza ulinzi huo. Maneno MIL-STD-810 yanatokana na kanuni za majaribio za jeshi la Marekani, lakini kiwanda chenyewe huchagua majaribio ya kufanya, na jeshi halimpi mtu cheti. Isitoshe, simu nyingi za namna hii huzidi gramu 300, maikrofoni zake hufunikwa kwa utando wa kuzuia maji ambao waweza kufifisha sauti, na baadhi hutoka kwa viwanda vidogo visivyotuma masasisho ya mfumo baada ya kuuza. Ganda linabaki zima, lakini ndani programu moja baada ya nyingine zinakataa kufunguka. Simu hiyo ni ngumu, ila haikudumu.

Hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi yangu inatoka hapo. Watetezi wa mbio husema kwamba programu huongezeka uzito kila mwaka, kwa hiyo simu yenye nguvu ya ziada leo ndiyo itakayoweza kuzibeba baada ya miaka mitano. Wanaweza hata kutaja kwamba Google kwa Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kwa Galaxy S24 ya mwaka 2024, ziliahidi masasisho ya miaka 7. Ni kweli, na mwenye pesa za kununua mojawapo ikiwa mpya hahitaji ushauri wangu. Wengi wetu tukitafuta mbio kwa dola 150 hupata simu ya kifahari iliyokwisha tumika miaka minne kwingine. Prosesa yake bado ni kali, lakini betri yake imekwisha kuliwa, imebandikwa kwa gundi, na miaka yake ya masasisho inaelekea ukingoni. Tunanunua mbio ambazo mwenyewe wa kwanza amekwisha kuzikimbia.

Kwa hiyo sisemi mbio hazina maana. Nasema kuna kiwango cha kutosha, na kiwango hicho si kikubwa kama tunavyodhani. Simu ikiweza kufungua PDF ndefu, kurekodi huku kioo kimezimwa, na kuchapa bila kukwama, basi imetosha. Kila dola inayobaki iende kwenye betri, kwenye nafasi ya kadi ya kumbukumbu, kwenye toleo jipya la mfumo, na kwenye aina ambayo vipuri vyake vinapatikana kwa mafundi wa mjini. Hata Ulaya wameanza kufikiri hivi. Tangu tarehe 20 Juni 2025 Umoja wa Ulaya unadai simu mpya zinazouzwa huko ziwe na betri inayobaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 800, na zipate masasisho ya mfumo kwa miaka isiyopungua 5.

Na sisi tuna sababu nyingine ambayo mnunuzi wa Ulaya huisoma gazetini tu. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika nchi yetu, nyingi ikitoka Kolwezi na kandokando yake, na kobalti ndiyo inayoingia katika betri za simu. Tunaona malori yakipita na madini, kisha tunaona simu zikirudi kwa bei ya dola. Mwanafunzi anayebadili simu kila mwaka na nusu analipa mara mbili kwa jiwe lililotoka nyumbani kwake. Kuiweka simu miaka mitano hakutamaliza dhuluma ya migodi, lakini angalau hakuiharakishi.

Kwa anayekwenda dukani wiki hii, nina maneno machache. Usianze na kamera. Rekodi dakika moja ya sauti yako, usikilize kwa vifaa vya masikio kama *s* na *f* zinatofautiana vizuri. Angalia kama kuna mahali pa kadi ya kumbukumbu. Fungua mipangilio usome toleo la mfumo na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Muulize fundi, wala si muuzaji, kioo na betri ya aina hiyo ni bei gani. Fundi akisema hajawahi kuiona simu ya namna hiyo, irudishe mezani, hata kama inaweza kutupwa kutoka ghorofani.

Neno langu la mwisho ni kwa walimu wetu, kwa heshima. Tunapoomba rekodi za utafiti, mara nyingi zinakubaliwa zikiwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao hubana sauti na kupunguza hasa sehemu zile za juu zinazotenganisha konsonanti. Tukikubali hivyo, tunamfundisha mwanafunzi kwamba kutuma haraka kunatosha. Kitivo kinaweza kudai faili asilia isiyobanwa iwekwe pamoja na kazi iliyochapwa, na nakala yake ibaki kwenye diski ya idara. Kinaweza pia kununua simu mbili au tatu za kudumu, zenye betri kubwa, ziazimwe na wanaokwenda vijijini wasio na uwezo wa kununua. Gharama yake si kubwa. Bila hatua hiyo, majina yale ya mitego ya Kasenga yataendelea kutegemea kama mtoto wa fulani alipata dola 150 mwaka huu, na kama alizitumia kununua betri au kununua mbio.