Mwuguzi Anapoitwa Kwenye Usaili

Labda binti yako amesomea uuguzi. Sasa serikali imemwita kwenye usaili wa kazi Dar es Salaam. Usaili ni maswali anayoulizwa mwombaji wa kazi. Atafikia kwa shangazi yake, Mchikichini. Hiyo ni nafuu, maana nauli, chakula na malazi hujilipia mwenyewe.

Kabla hajapanda basi, tandazeni vyeti vyake vyote mkekani. Wewe sasa unajua kusoma. Msaidie. Someni majina herufi kwa herufi. Je, cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi, na cha kidato cha nne kinasema Said? Herufi moja inaweza kumrudisha nyumbani. Amwone mwanasheria mapema, apate hati ya kisheria ya jina lake.

Achukue vyeti halisi. Nakala peke yake hazitoshi. Asisahau leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Sheria ya mwaka 2010 inakataza kufanya kazi ya uuguzi bila leseni hiyo.

Na viatu? Msiuze mbuzi kwa ajili ya viatu! Viatu vya mitumba vya soko la Mchikichini, vikipigwa rangi, vinafaa kabisa.

Usiku, shangazi amwulize: "Mama amejifungua, damu inamwagika. Utafanya nini?" Ajibu kwa sauti: "Ninaita wenzangu. Ninakanda tumbo la uzazi. Ninampa sindano ya oksitosini." Akikwama, aulizwe tena alfajiri, wakati wa chai. Kisha atoke mapema. Magari ya Kariakoo huenda polepole.