Dhoruba za Baridi: Hesabu za Wadaiwa Zilindwe Kwanza

WAFANYABIASHARA wadogo katika nchi za baridi hujiandaa mapema kwa theluji. Hununua mafuta ya kupasha joto, chumvi ya kumwaga mlangoni na koleo za kusafishia njia. Lakini mali iliyo ngumu kuliko zote kuirudisha, yaani kumbukumbu za nani anadaiwa kiasi gani, wengi huiacha ndani ya kompyuta moja iliyowekwa sakafuni chini ya meza. Huko si kulinda mtaji, ni kuubahatisha.

Jimbo la Texas, Marekani, lilionyesha jambo hilo katikati ya Februari 2021. Baridi kali ililikumba jimbo ambalo halikuizoea. Mitambo ya umeme na ya gesi iliganda, na kuanzia Februari 15 wasimamizi wa gridi walilazimika kukata umeme. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4.5 zilikaa gizani, nyingine kwa siku kadhaa. Kwa hesabu ya serikali ya jimbo, watu 246 walikufa.

Hasara nyingine huja baridi inapopungua. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na bomba lisipohimili hupasuka. Barafu ikiyeyuka ndipo maji humwagika. Duka lililonusurika na giza linaweza kufunguliwa likiwa na maji hadi kifundoni, na kompyuta ikiwa humo humo.

Uingereza nayo ilipata somo lake. Usiku wa Desemba 5, 2015, dhoruba iliyoitwa Desmond ilisababisha mafuriko katika kituo cha kupozea umeme mjini Lancaster, na nyumba na biashara zipatazo 61,000 zikakosa umeme. Simu nyingi za mkononi zilinyamaza kwa kuwa minara nayo hutegemea umeme. Intaneti ilikatika, mashine za kutolea fedha zikazima na kadi za benki zikawa hazina kazi. Katika hali kama hiyo anayeendelea kuuza ni yule mwenye taa, chenji na kitabu cha risiti.

Thamani ya jambo hili ipimwe kwa hesabu. Chukua mfano wa muuza vifaa vya ujenzi mwenye kompyuta ya Sh. 1,500,000. Ndani yake mna orodha ya wateja wanaodaiwa jumla ya Sh. 30,000,000. Kompyuta ikiharibika, hasara ni milioni moja na nusu. Orodha ikipotea na robo tu ya deni ikakanwa, hasara ni Sh. 7,500,000, yaani mara tano ya bei ya mashine. Kwenye mizania wadaiwa ni mali sawa na bidhaa zilizo rafuni, lakini deni lisilo na ushahidi ni maneno matupu.

Wengi hujipa moyo kwamba wana bima. Kwa kawaida bima ya mali hulipia chombo kilichoharibika. Kumbukumbu zilizomo mara nyingi huhitaji kifungu chake. Bima ya kusimama kwa biashara nayo mara nyingi hutaka jengo lenyewe liwe limepata madhara. Umeme ukikatika kwa hitilafu iliyo kilomita 50 kutoka dukani, mwenye duka anaweza kuambiwa hana dai, isipokuwa awe amenunua nyongeza ya hatari hiyo. Mkataba husomwa kabla ya msimu, si baada ya hasara.

Hivyo fedha ya kujikinga itumike kwa mpangilio. Ya kwanza ni nakala za kumbukumbu. Ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na duka. Diski iliyofungiwa kwenye droo ya meza ile ile italowa pamoja na kompyuta. Nakala iliyohifadhiwa kwa njia ya intaneti ni nzuri, lakini haisomeki mtandao ukikatika, kwa hiyo orodha ya wadaiwa na namba za simu za wateja ichapwe kwenye karatasi kila wiki. Nakala pia zijaribiwe kwa kufunguliwa kwenye mashine nyingine. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni matumaini tu.

Ya pili ni kuilinda mashine yenyewe. Iinuliwe kutoka sakafuni na iwekwe mbali na mabomba, na kila mfanyakazi ajue mahali pa kufungia maji. UPS inunuliwe kwa kazi yake halisi, ambayo ni kumpa mtu dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Umeme ukikatika, nyaya zichomolewe, kwa sababu unaporudi unaweza kuja kwa kishindo. Mashine iliyolala kwenye baridi kali isiwashwe mara tu chumba kinapopata joto. Iachwe hadi nayo ipate joto la chumba, kwa kuwa unyevu hujikusanya ndani yake.

Jenereta ije mwisho, ingawa ndiyo wengi hukimbilia kununua kwanza. Ni ya gharama, hula mafuta, na ikiwashwa ndani ya jengo moshi wake huua. Jenereta hutoa umeme, lakini haiwezi kurudisha leja iliyopotea.

Mfanyabiashara wa Kariakoo au wa Nairobi anaweza kusema kuwa theluji haimhusu. Ni kweli, lakini maji yanamhusu. Dar es Salaam ilifurika Desemba 2011, na Nairobi ikafurika Aprili 2024. Kompyuta haijui kama maji yaliyoiingia yametoka kwenye barafu au mtoni, na mdaiwa mwenye nia ya kukana deni hataulizia.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kutia fedha katika duka la mwenzake, swali la kuuliza ni moja: jengo hili likiingia maji leo usiku, kesho asubuhi utawajuaje wadaiwa wako? Asiyekuwa na jibu hajawa tayari kupokea fedha za mtu. Tahadhari kabla ya athari.