Mtoto Mkorofi, au Nyumba Isiyo na Kauli Moja?

Katika kliniki za mama na mtoto, malalamiko kuhusu mtoto wa miaka miwili aliyegeuka "mkorofi" si mageni. Akinyimwa simu, hujigaragaza sakafuni. Mama akizungumza na mgeni, humvuta nguo, humpiga au humwaga maji makusudi. Lawama huangukia mtoto, ama mama anayedaiwa kumdekeza. Lawama zote mbili hukosea shabaha, kwa kuwa tabia ya namna hii hujengwa na nyumba nzima, na ni nyumba nzima inayoweza kuirekebisha.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu ana matakwa makubwa na maneno machache, huku sehemu ya ubongo inayotuliza hisia ikiwa bado changa. Kuangaliwa na mlezi ni haja yake ya kweli, nalo jicho la mlezi hulitafuta kwa njia yoyote anayoona inafaa. Anapocheza kwa utulivu, wakubwa hushukuru na kuendelea na kazi zao. Anaporusha kikombe, wote humgeukia. Hata karipio kwake ni malipo, maana hatimaye ameangaliwa.

Mwaka 1959, mtafiti C. D. Williams wa Marekani alieleza habari za mtoto wa miezi 21 aliyekuwa ameugua sana kwa sehemu kubwa ya miezi 18 ya mwanzo wa maisha yake. Afya ilirejea, lakini mazoea ya kubembelezwa yalibaki: kila usiku mlezi alilazimika kukaa naye hadi apitiwe na usingizi, la sivyo alipiga mayowe. Wazazi walishauriwa wamlaze kwa upole, watoke na wasirudi. Mara ya kwanza alilia dakika 45; kufikia mara ya kumi hakulia tena. Yapata juma moja baadaye alilazwa na shangazi yake. Mtoto alipiga mayowe, shangazi akarudi kukaa naye, na mazoea ya zamani yakaanza upya. Ikabidi zoezi lote lirudiwe.

Shangazi huyo alitenda kwa huruma, na wenzake wamo katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki: bibi, babu, kaka, dada wa kazi, hata jirani. Mama akikataa, mwingine hutoa. Mtoto hufanana na mvuvi: siku chache za kupata samaki zinatosha kumrudisha baharini siku nyingi za kukosa. Kilio kinacholipwa mara mojamoja huwa kigumu kukomesha kuliko kinacholipwa kila siku.

Wapo watakaosema kwamba kumwacha mtoto akilia peke yake ni ukatili, hasa pale ambapo watoto hulala na mama zao. Wana hoja. Kinachofaa kuigwa katika kisa hicho ni msimamo mmoja wa walezi. Si lazima mtoto atengwe. Mama anaweza kubaki karibu, akiwa mtulivu, bila kukitoa kinacholiliwa. Kinachopuuzwa ni mayowe, mtoto hapuuzwi. Dakika kumi za kucheza naye kila siku bila simu mkononi, na sifa inayotaja tendo jema alilofanya, ndizo nusu ya tiba. Akiuma, akipiga au akikimbilia barabarani, azuiwe mara moja kwa maneno machache. Familia ielezwe mapema kwamba siku za kwanza kilio huweza kuzidi kabla ya kupungua, isije ikakata tamaa njiani.

Fimbo haina nafasi hapa. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi huhimiza kuanza mapema, haiagizi kipigo. Mtoto anayepigwa hujifunza kupiga, na kumtikisa kwa hasira kunaweza kusababisha damu kuvuja ndani ya ubongo.

Wajibu wa mhudumu wa afya huanza kabla ya ushauri. Maumivu ya sikio, upungufu wa damu, usingizi haba na usikivu hafifu vyaweza kujificha nyuma ya "ukorofi". Mtoto asiyegeuka anapoitwa jina, aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, au anayelia hadi kubana pumzi na kuzimia, anahitaji uchunguzi. Hali ya mama nayo iulizwe, kwani mama aliyeelemewa na sonona hawezi kusimamia kauli yoyote.

Baada ya hapo lifuate swali ambalo aghalabu husahaulika: nyumbani, ni nani humpa mtoto kile anachokililia? Jibu hilo ndilo linaloonyesha ni nani wa kualikwa kliniki siku ijayo, awe baba au bibi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021, inahesabu malezi yenye mwitikio miongoni mwa mahitaji ya msingi ya mtoto. Ushauri anaopewa mama peke yake, kisha akarejea katika nyumba yenye kauli tano, hauwezi kulitimiza lengo hilo.