STESHENI HAIFI KWA UZEE

Ndugu wanachama,

Mimi ni mfanya kazi wa reli, na kwetu ni Kithimani, Machakos. Mara nyingi nasikia wakubwa wakisema, "Stesheni hii ni kuukuu, haifai tena, ifungwe." Mimi nasema hapana, na ushahidi wangu uko Kigoma, Tanzania.

Wajerumani walianza Reli ya Kati pale Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, Februari 1914. Lakini waliochimba udongo na kubeba mataruma walikuwa Waafrika kwa maelfu, Wanyamwezi wengi kati yao.

Wabelgiji wakaiteka Kigoma mwaka 1916. Waingereza wakatawala baadaye, wakaondoka 1961. Reli yetu ya pamoja ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Stesheni ya Wajerumani ingali imesimama na matao yake, na hata leo watu wanapanda gari la moshi pale.

Imedumu kwa nini? Si kwa mawe peke yake. Gari likifika na abiria wakishuka, lazima mtu afagie, mtu apake chokaa, mtu apande juu ya paa kuziba panapovuja. Mimi nimeona stesheni iliyofungwa. Mwaka wa kwanza mabati yaliibwa. Mwaka wa pili mbuzi walilala katika chumba cha tikiti. Nayo ilikuwa changa kuliko ile ya Kigoma.

Wengine watasema kwamba tuna reli mpya tangu 2017. Ni njema, lakini haifiki kila mahali. Treni ya abiria ya Nanyuki ilirudi 2020, na ya Kisumu 2021, zote juu ya njia ya zamani. Njia ile haikufufuliwa kwa hotuba. Ilifufuliwa kwa mikono ya mafundi na vibarua.

Basi chama chetu kidai mambo matatu. Kwanza, fedha za matengenezo zitolewe kabla paa halijavuja. Pili, stesheni isifungwe kabla wafanya kazi wake hawajasikilizwa. Tatu, kila fundi mzee apewe kijana wa kumfundisha kabla hajastaafu, maana ujuzi wake ukienda naye nyumbani, hakuna wa kuurudisha.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanya kazi wa Reli, Kithimani