Msalaba wa Kifo Huja Baada ya Matanga

Kila hisa zinapoporomoka Marekani, vyombo vya habari huibuka na jina la kutisha: "msalaba wa kifo". Ndugu zetu walioko Marekani, ambao akiba zao za uzeeni zimo katika mifuko inayofuata fahirisi ya S&P 500, yaani kipimo cha hisa za makampuni makubwa 500 ya nchi hiyo, hulisoma mchana na jioni simu zinaanza. Tuuze au tusiuze? Siku hizi wamezuka pia walimu wa chati, wengine kwa Kiswahili safi kabisa, wanaotoza ada ya kila mwezi kufundisha kusoma michoro hiyo. Nasema wazi: msalaba huo hautabiri kile wanachodai unatabiri.

Tuanze na hesabu yenyewe, maana si uganga. Unachukua wastani wa fahirisi kwa siku 50 za biashara zilizopita, halafu wastani wa siku 200. Mstari wa siku 50 ukishuka chini ya ule wa siku 200, hiyo mistari imekatana na huo ndio msalaba. Sasa ndugu msomaji, wastani hauwezi kushuka namna hiyo mpaka bei zenyewe ziwe zimekwisha kushuka. Katika kazi yetu ya uandishi, anayeripoti leo kwamba mvua ilinyesha juzi haitwi mtabiri wa hali ya hewa.

Chukua mwaka 2020. Kati ya tarehe 19 Februari na 23 Machi, hofu ya korona iliiangusha S&P 500 kutoka pointi 3,386 hadi 2,237, karibu asilimia 34. Msalaba ulitokea lini? Tarehe 30 Machi, wiki nzima baada ya soko kufika chini kabisa na kuanza kupanda. Siku hiyo fahirisi ilifunga kwenye 2,626. Ilipofika tarehe 18 Agosti ilikuwa 3,389. Aliyeuza kwa kuogopa mchoro alikosa kiasi cha dola 2,900 kwa kila dola 10,000 alizotoa. Kwa mtu anayefanya zamu mbili katika nyumba ya kutunzia wazee, huku akijenga kwao, hizo ni fedha za kuezekea.

Mwaka 2025 mambo yakawa yale yale. Soko liliangushwa zaidi na ushuru aliotangaza Rais Trump tarehe 2 Aprili, na likainuliwa na tangazo lake la tarehe 9 la kusitisha sehemu kubwa ya ushuru huo kwa siku 90. Siku hiyo moja fahirisi ilipanda asilimia 9.5. Msalaba ulikuja tarehe 14, na magazeti yakaupamba. Tarehe 27 Juni soko liliweka rekodi mpya. Mstari gani ungejua kilichomo kichwani mwa Trump? Pengine hata mawaziri wake hawakujua.

Tutende haki. Desemba 2007 msalaba ulitokea mapema, na soko likazidi kuzama hadi Machi 2009. Mfano huo ndio walimu wanaoupenda, na ile miwili ya juu hawaitaji. Mwaka 2000 Andrew Lo wa chuo cha MIT na wenzake walipima kwa kompyuta michoro maarufu, ukiwemo ule wa "kichwa na mabega", wakaona baadhi yake hubeba taarifa kidogo yenye manufaa. Taarifa kidogo! Hiyo haitoshi kumfanya mtu ahamishe akiba ya miaka 20 kwa usiku mmoja.

Kinachonikera zaidi ni wanaouza masomo hayo hayo kwa ajili ya masoko ya Nairobi na Dar es Salaam. Dar es Salaam zipo hisa ambazo siku nyingine hazibadilishani mikono kabisa. Nairobi, Safaricom peke yake ina uzito wa kuivuta fahirisi nzima ya soko. Mfuko mmoja wa pensheni ukiamua kuuza fungu lake, "bega" limekwisha kuchoreka, na mwalimu atakuonyesha kwa kalamu nyekundu hisia za wawekezaji, ilhali muuzaji alikuwa mmoja tu na huenda alihitaji fedha za kuwalipa wastaafu wake mwisho wa mwezi.