Karoti si Riziki ya Sungura

Miongoni mwa itikadi zilizoenea kwa watu wa kila tabaka, wasomi na wasiosoma, ni chache zilizostarehe bila ya kuulizwa swali kama hii isemayo kwamba sungura ni mnyama wa karoti. Muulize mtoto wa chekechea atakwambia, muulize babaye atakuthibitishia. Na siku mtu anapompata sungura kwa mara ya kwanza, awe amepewa na jamaa anayehama mji au amemnunua sokoni ili awafurahishe wanawe, kabla hajafikiri habari ya banda wala ya maji, huwa amekwisha nunua fungu la karoti. Mnyama huzila kwa uchu, watoto hupiga makofi, na kila aliyehudhuria huondoka na yakini kwamba ameijua riziki ya kiumbe yule. Mimi nasema itikadi hiyo ni batili, na ubatili wake si wa kuchekwa ukaachwa, kwa kuwa aghalabu humtanguliza sungura kaburini.

Na tujiulize kwanza imetoka wapi. Haikutoka kwa wafugaji, wala haikutoka kwa matabibu wa wanyama. Imetoka katika sinema. Mwaka 1940 ilitolewa katuni ya Kimarekani iliyomtambulisha Bugs Bunny kwa watu, sungura mwenye maneno mengi na karoti mkononi, naye akaenea dunia nzima mpaka akaingia katika televisheni za nyumba zetu. Na imesimuliwa na baadhi ya waliomtengeneza kwamba mtindo ule wa kutafuna huku akisema kinywa kimejaa waliuiga kwa mwigizaji Clark Gable, ambaye katika filamu ya mwaka 1934, It Happened One Night, alisimama kando ya njia akila karoti mbichi na kumpigia soga mwanamke aliyefuatana naye. Basi tazama ilimu yetu ya kulisha wanyama ilikopatikana: mcheza sinema amefanywa mufti wa chakula cha sungura! Bibi Beatrix Potter wa Uingereza, ambaye alifuga sungura kwa mikono yake mwenyewe, alipokitoa kitabu cha Peter Rabbit mwaka 1902 hakumlisha mwizi wake wa bustani karoti. Alimlisha saladi, maharagwe machanga na figili, hata akavimbiwa akatafuta kitu cha kumtuliza tumbo. Wasomaji wengi huapa kuwa katika zile picha wameona karoti, ilhali ni figili.

Karoti ni mzizi, na ndani yake, ukiondoa maji ambayo ni karibu sehemu tisa katika kumi, kilichobaki kwa wingi ni sukari na wanga. Sungura si mnyama wa mizizi. Sungura huyu wa kufugwa, ambaye si yule wa porini mwetu aliyejaa katika ngano, maana yule wetu ni jamaa yake wa mbali tu, asili yake ni nchi kavu za Hispania na Ureno, na huko aliumbwa kuishi kwa kitu ambacho wanyama wengi wangekipita kwa dharau: nyasi ngumu, kavu, zenye lishe haba, zinazotaka kutafunwa kwa muda mrefu. Kila kilichomo mwilini mwake kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Anayo meno ishirini na manane, na yote, ya mbele na magego, hayakomi kukua maishani mwake. Yale ya mbele peke yake huweza kuota zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka mmoja. Mtazame anapokula unyasi mmoja: huushika kwa ncha, huukata, kisha taya la chini huanza kwenda kando na kurudi, kwa haraka ambayo jicho huifuata kwa shida, na unyasi huingia mdomoni kidogo kidogo kama uzi unaovutwa cherehani, mpaka ukaisha, akachukua mwingine. Mwendo ule wa kando ndio tupa inayosaga magego. Karoti haiutaki mwendo ule. Huvunjwa, hupondwa mara chache, humezwa. Mnyama asiyesaga, magego yake hurefuka, yakafanya ncha, ncha zikachoma ulimi na mashavu, naye akaacha kula ilhali njaa anayo. Mwenyewe humwona kasimama mbele ya chakula, akikigusa kwa pua na kukiacha, akadhani amechagua kuringa.

Lakini meno ni mlango tu. Nyumba yenyewe ni tumbo. Mwanzoni mwa utumbo mpana sungura ana mfuko mkubwa, mkubwa kuliko hata tumbo lake la kwanza, na humo vinaishi vijidudu visivyohesabika ambavyo kazi yao ni kuchachua majani na kuyageuza kuwa chakula. Nyuzinyuzi ndefu za nyasi ndizo zinazousukuma utumbo usilale. Kilichochachuka vema hutoka, aghalabu usiku au alfajiri, katika vishada laini vyenye kung'aa, navyo sungura huvila palepale vinapotoka, kwa kuwa vimebeba vitamini na protini ambazo mara ya kwanza zilimpita. Wapo watu waliowapiga wanyama wao kwa tendo hilo, wakiliona ni uchafu; ni sawa na kumpiga ng'ombe kwa kucheua. Sasa mtilie mnyama huyu sukari ya karoti, ndizi, embe na mkate kila siku, na vile vijidudu vyema vitashindwa na vibaya, gesi itajaa, utumbo utasimama. Naye hana uwezo wa kutapika. Mbwa akila kibaya hukitoa; sungura akila kibaya hubaki nacho.

Hapa ndipo ninapoisikia hoja ambayo husemwa kila mara, na husemwa kwa kujiamini kukubwa: Babu yangu alifuga sungura miaka mingi, akawalisha maganda, kabichi na mabaki ya ugali, wakanenepa na kuzaana hata banda likawa halitoshi, sasa nyinyi mnatoa wapi habari hizi za nyasi na meno? Sikanushi kwamba babu alifuga, wala kwamba walinenepa. Ninauliza neno moja: waliishi muda gani? Sungura wa nyama huchinjwa akiwa na miezi minne, mitano, pengine sita. Kwa umri huo magego hayajapata kurefuka yakachoma ulimi, mafuta hayajaukaba moyo, na mchanga wa chokaa haujaganda kibofuni. Maradhi yote yatokanayo na chakula kibaya huja taratibu, na yanapofika katika banda la babu, mgonjwa amekwisha geuka mchuzi. Ushahidi uliliwa kwa wali! Ujuzi wa babu ulikuwa sahihi kwa alilolikusudia, nalo ni kupata kilo mbili za nyama kwa gharama ndogo. Kosa ni la mjukuu anayeuchukua ujuzi wa miezi mitano na kuuhukumia maisha ya sungura wa nyumbani, ambaye akilishwa vizuri huweza kufikia miaka minane, kumi, hata akapita hapo. Ni ajabu kwamba katika mjadala huu wote shahidi anayeaminiwa zaidi ni yule ambaye hakuachwa akaishi hata akatoa ushahidi.

Itikadi ya karoti inaye pacha wake huku kwetu, kwamba sungura hanywi maji, na ya kwamba maji humharisha. Nimewaona wafugaji wenye busara katika mambo mengine yote wakishikilia neno hili kama wasia. Naam, sungura wa porini huonekana mara chache mtoni, kwa sababu hula majani mabichi yenye umande. Lakini aliyefungiwa kizimbani, akapewa chakula kikavu, bila ya maji damu yake huwa nzito na chakula hukauka tumboni kikawa kama udongo wa kufinyangia. Mahitaji yake ni takriban mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku moja, na zaidi wakati wa joto, na joto la Mombasa au la Dar es Salaam halihitaji kuelezwa. Apewe katika bakuli zito la udongo lisilopinduka, maji yabadilishwe kila siku, na kisha mwenye shaka akae kando ahesabu mara ngapi hanywi.

Wengine wakisikia haya hukimbilia upande wa pili, wakanunua mashudu na chakula cha kuku, kwa dhana kwamba kilichotengenezwa kiwandani lazima kiwe bora kuliko majani. Hadhari na hilo. Baadhi ya vyakula vya vifaranga hutiwa dawa za kuzuia ugonjwa wa kuhara damu, nazo miongoni mwao zimo zinazomdhuru sungura hata kumuua. Vile vidonge vya sungura hasa, ambavyo wafugaji huviita peleti, havina dhambi, lakini vilibuniwa ili mnyama anenepe upesi auzwe. Kwa sungura mzima wa nyumbani hutosha kiasi cha gramu 25 kwa kila kilo ya uzito, ambazo ni sawa na konzi ndogo isiyojaa. Atakayemjazia sahani ya peleti atamnyima hamu ya nyasi, na asiyekula nyasi tumekwisha ona mwisho wake. Ama ule mchanganyiko wa nafaka, mbegu na vipande vya rangi rangi unaopendeza madukani, mnyama huchagua vitamu akaacha vigumu, kama afanyavyo mtoto kwenye sahani ya pilau, na wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walioulinganisha na nyasi waliona jinsi unavyoharibu meno na kuleta unene.

Basi ale nini? Ale nyasi. Kila siku apewe nyasi kavu, safi, zenye harufu ya shamba, zisizo na vumbi wala ukungu, kiasi cha ukubwa wa mwili wake mwenyewe au zaidi, zisikome mbele yake usiku wala mchana. Wakazi wa mijini hulalama kwamba hazipatikani, na mimi nastaajabu, kwani marobota ya nyasi za Rhodes huuzwa kwa wafuga ng'ombe wa maziwa pande zote za Kenya na Tanzania, na robota moja la ng'ombe humlisha sungura mmoja kwa majuma mengi. Bei yake, ukiigawanya kwa siku, haifikii ile ya karoti. Majani mabichi ya matete na ya ukoka nayo ni mema, maadamu hayakukatwa kando ya barabara kuu penye moshi wa magari wala katika konde lililopigwa dawa. Juu ya nyasi aongezewe mboga kiasi cha mkono mmoja: kotmiri, nanaa, matembele, majani ya kishona nguo, na sukuma wiki mara mojamoja, mchicha usiwe wa kila siku. Kabichi humjaza gesi. Majani ya mparachichi na tunda lake, majani ya mnyanya na ya mviazi, vitunguu vya namna zote, hayo ni sumu, yasiingie bandani. Na kwa wale ambao mioyo yao haitatulia pasipo karoti, kipande cha ukubwa wa ncha ya kidole mara moja au mbili kwa juma hakitamuua. Ila nawaambia kwamba sehemu iliyo bora kwa sungura katika mmea ule ni yale majani ambayo wauza mboga huyakata na kuyatupa, nayo akiyaomba mtu hupewa bure.

Alfalfa nayo nisiipite. Ina protini nyingi na chokaa nyingi, hivyo humfaa mtoto wa sungura anayekua na mama anayenyonyesha; lakini mwili wa sungura huifyonza karibu chokaa yote aipatayo na kuitoa iliyozidi kwa mkojo, kwa hiyo mzima anayelishwa alfalfa daima huanza kukojoa mkojo mzito mweupe, kisha hupata vijiwe.

Na kwa kuwa aliyeletwa nyumbani jana ana msiba wake wa pekee, wa kutengwa na ndugu zake na kusafirishwa katika boksi, haimpasi mwenyewe kumzidishia msiba kwa kumgeuzia chakula siku hiyohiyo, hata kama chakula kipya ni bora na cha zamani ni kibaya. Amuulize aliyempa alikuwa akila nini, achukue akiba ya chakula hicho cha juma moja au siku kumi, awe anakipunguza kila siku na kuongeza nyasi mahali pake. Mboga zije baadaye, aina moja moja, ili ikimdhuru mojawapo ijulikane. Kila asubuhi atazame choo chake. Vidonge vikubwa, vya duara, vya rangi ya kahawia iliyofifia, ambavyo ukivivunja kwa vidole huonekana vipande vya nyasi ndani, ni habari njema. Vikiwa vidogo, vyeusi, vigumu, vilivyofungamana kwa manyoya, au visipokuwapo kabisa, tumbo linasimama. Sungura aliyekataa kila kitu kwa nusu siku haingojewi hadi kesho, wala hapewi maji ya sukari kwa ushauri wa jirani; hupelekwa kwa daktari wa mifugo, na huko mwenyewe asione haya kutamka wazi kwamba mgonjwa ni sungura na kwamba asipewe penisilini wala amoksilini kwa kinywa, maana dawa hizo, zilizo rehema kwa binadamu, humfagilia sungura vijidudu vyake vya tumboni, na wako waliopona homa wakafa kwa dawa.