Mjumbe Hauawi

Motokaa za haibridi, zenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, zaonekana sana siku hizi hapa Uganda, nyingi zikiwa zimekwisha tumika Japani. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa huko mwaka 1997, ni mojawapo. Taa ya onyo ikiwaka, na mashine ya kusoma makosa ikitaja joto la inveta, wako mafundi wanaohukumu papo hapo: "Inveta imekufa, nunua nyingine." Mimi nasema hukumu hiyo si ya haki.

Inveta ndiyo igeuzayo umeme wa betri ili uendeshe mota. Kazi hiyo huitia joto, nayo hupozwa kwa maji yasukumwayo na pampu ndogo ya umeme. Ndani mna vipimajoto ambavyo ukinzani wake hupungua joto linapozidi. Kipimajoto ni mjumbe tu. Huenda asema kweli, huenda asema uwongo, huenda njia yake imekatika.

Basi na aulizwe. Gari likilala usiku kucha, asubuhi kabla ya kuliendesha vipimajoto vyote vitaje joto lililo karibu na la hewa. Kimoja kikiachana sana na wenzake, hicho ndicho cha kushuku. Waya ukikatika, kompyuta husoma baridi ambayo hata kilele cha Ruwenzori hakiijui. Nyaya zikigusana, husoma joto la ajabu. Hapo chunguza nyaya na viungio vyake. Lakini joto likipanda kidogo kidogo gari likienda, yaelekea mjumbe asema kweli: tazama kama maji yapo na pampu yazunguka. Ukimpuuza, inveta itaungua kwelikweli.

Wengine watasema kupima kwapoteza wakati. Nawajibu kwamba pampu ni rahisi kuliko inveta, na huenda mwenye gari ni dereva wa teksi alishaye watoto wake kwa gari hilo. Tena umeme wa humo hupita volti 200, nao huua. Afunguaye inveta pasipo kung'oa plagi ya usalama, kuvaa glavu za mpira za umeme na kungoja dakika 10, aichezea roho yake.

Sisi wa madarasa ya juu twaijua sheria ya Ohm ubaoni tu. Nanyi kaka zetu mliotutangulia, mlio na gereji, tupokeeni wakati wa likizo mtufundishe kupima kabla ya kuhukumu.